Niseme Kama Nani?

Aliyesikika vizuri kuliko wote alikuwa jogoo. Nilikuwa nimekaa katika chumba cha walimu, simu nimeibana sikioni, nasikiliza nilichonasa darasani asubuhi ile, na jogoo wa jirani aliwika kwa ufasaha ambao mwalimu yeyote wa lugha angeutamani. Baada yake ikasikika mashine ya kusaga mawe ya dhahabu kule bondeni, gudugudu, gudugudu. Benchi likalia. Mtu akakohoa. Mwingine naye akakohoa, nadhani kwa kumwonea huruma yule wa kwanza. Kiingereza, ambacho ndicho nilichokuwa nakitafuta, hakikuwepo hata tone.

Nafundisha Kiingereza katika shule ya upili ya kutwa karibu na Masara, huku Migori, na mwaka ule nilikuwa nasomea shahada ya uzamili. Utafiti wangu haukuwa mgumu kuueleza. Nilitaka kujua wanafunzi wetu wanazungumzaje Kiingereza wakipewa nafasi ya kuzungumza kweli, si kujaza mapengo kwenye karatasi. Nilichagua shule mbili, hii yetu na nyingine nje kidogo ya Oyugis, kule Homa Bay, ambako mume wangu ana duka na ndiko nyumbani. Kila shule nilipanga kuwaweka kidato cha pili kwenye duara, niwape jambo la kujadili, niwashe kinasa sauti, ninyamaze. Kumbe kunyamaza walikuwa wananishinda.

Na hao si watoto wa kunyamaza, tafadhali! Mimi sikuwa nawafundisha, nilikuwa na kidato cha nne, lakini nilikuwa nawasikia. Wakitoka darasani wanapiga kelele mpaka mabati yanatikisika. Wanachanganya Kijaluo, Kiswahili, Sheng na Kiingereza katika pumzi moja, na mtu akionewa uwanjani anamgombeza refa kwa Kiingereza kilichonyooka. Nilijua kipo. Nilichotaka ni kukinasa. Ila kila nikibonyeza kile kitufe chekundu, walikuwa wanageuka magogo.

Oyugis nako mambo yalikuwa yale yale. Tofauti ni kwamba badala ya jogoo kulikuwa na mbuzi.

Nikampelekea msimamizi wangu hizo sauti. Ni profesa mzee, mpole, mwenye kuchagua maneno kama mtu anayechambua mchele. Alinipigia jioni.

"Mwalimu," akasema, "nimesikiliza mpaka mwisho. Huyu jogoo yuko kidato cha ngapi?"

Nilicheka kwa adabu, ndani nachemka. Nikamwambia, "Profesa, watoto hawa wanaongea. Nawasikia kila siku uwanjani."

"Uwanjani hukuwa na kinasa sauti. Mimi nasoma ulichonasa, sisomi ulichosikia. Shule zinafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Ukifika hapo bila sauti, sura ya mazungumzo tunaiondoa, tunaweka mtihani wa kuandika. Na kwenye hitimisho utaeleza kwamba wanafunzi wa maeneo haya hawakuonyesha uwezo wa kuzungumza."

Moto ukaniwaka kutoka kwenye nyayo. Sisi tuliozaliwa Kuria tunajulikana, hasira zetu hazina breki. Hawakuonyesha uwezo! Nilijua sentensi hiyo itakwenda wapi. Itapigwa chapa, itafungwa kwa jalada gumu, itawekwa kwenye rafu ya maktaba, na mtu atakayekuja baada yangu ataisoma na kuinukuu, na mwingine atamnukuu huyo, mpaka iwe ukweli. Watoto wa Masara watakuwa mabubu kwa mujibu wa utafiti, na mtafiti mwenyewe ni mimi. Nilikata simu nikaapa kwamba sentensi hiyo haitatoka kwenye mkono wangu.

Lakini kiapo si sauti. Kesho yake nikamvizia msichana mmoja kwenye tangi la maji. Nilimchagua kwa sababu ndiye aliyenishangaza zaidi. Alikuwa mrefu, nahodha wa timu ya netiboli, na sauti yake ilikuwa inavuka uwanja mzima. Mama yake anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kisiwani Remba, ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba usipopaza sauti hata jirani wa mlango wa pili hajui kama upo. Yeye alikuwa amepelekwa huku kwa shangazi yake ili asome. Kwenye duara langu alikuwa amekaa ameangalia kucha zake kwa kipindi kizima.

"Kwani kwenye duara ulikatwa ulimi?" nikamuuliza.

"Hapana, Madam."

"Basi mbona hukusema hata neno?"

Akageuza kikombe chake cha plastiki, akakigeuza tena. "Madam, niseme kama nani?"

Hapa lazima nieleze jambo. Utafiti wa kisasa una sheria zake, na mojawapo ni kwamba jina la mtoto lisijulikane. Nilikuwa nimetia sahihi, mkuu wa shule ametia sahihi, wazazi wametia sahihi. Kwa hiyo kabla ya kuwasha kinasa sauti niliwasomea watoto masharti kwa ile sauti yangu ya siku ya mtihani. Usitaje jina lako. Usitaje la baba wala la mama. Usitaje kijiji, usitaje kanisa. Kisha nikawabandika namba vifuani kwa pini. Yeye alikuwa Mwanafunzi wa Saba.

"Useme kama Mwanafunzi wa Saba," nikamjibu.

"Huyo simjui, Madam. Hana mama, hana kwao. Akisema vibaya hakuna wa kuaibika, na akisema vizuri hakuna wa kusifiwa. Sasa anajisumbua nini?"

Alisema bila utovu wa adabu, kwa uso mkunjufu kabisa, kama mtu anayekuelekeza njia. Mimi nikaona ni kiburi. Nikamwambia arudi darasani kabla sijakasirika, ingawa nilikuwa nimeshakasirika tayari. Swali lake hata hivyo halikurudi naye darasani. Lilinifuata mimi, likakaa nami kwenye madaftari ya kusahihisha, likanifuata hadi Oyugis wikendi.

Jumapili ile tulikuwa na sherehe. Kaka mkubwa wa mume wangu alikuwa amestaafu kazi ya serikali, akachinja, akaita ukoo wote, akaita na bendi ya benga. Mchana mwangaza, jua kali, hema zimefungwa, gita linalia mpaka unahisi kwenye meno. Mimi nilikaa na wanawake upande wa jikoni na chupa yangu ya soda. Nilikuwa na uso wa mtu aliyefiwa, na mama mkwe wangu alishaniuliza mara mbili kama tumbo linanisumbua.

Sasa, mume wangu. Mume wangu anauza mbegu na mbolea, na ni mtu wa maneno machache hivi kwamba wateja wapya hudhani wamemkosea. Siku alipokuja kwetu kuposa, wajomba zangu walinivuta kando wakaniuliza kama huyu mtu ana ulimi. Nyumbani anaweza kumaliza chakula, akashukuru kwa kichwa, akalala. Nimemzoea na nampenda hivyo hivyo. Kwa hiyo nilipomwona anainuka kwenye kiti, anapenya katikati ya wachezaji, anainua mkono mbele ya mpiga gita, nikajua anataka kuomba wapunguze sauti.

"Simameni hapo!" akanguruma.

Muziki ukakatika papo hapo.

Waluo wana jambo linaloitwa pakruok. Ni kujitapa, lakini kujitapa kwa mpangilio. Muziki ukinoga, mtu anausimamisha, anamtuza mwanamuziki kidogo, halafu anajimwaga. Anajisifu kwa maneno aliyoyapika yakaiva, watu wanamwitikia, kisha gita linaruhusiwa kuendelea. Nilikuwa nimeliona mara nyingi tangu niolewe huku, ila sikuwahi kumwona huyu wangu akithubutu.

"Mimi," akasema kwa Kijaluo, kifua mbele, "ndimi mvua inayokuja na mbegu zake mkononi!"

"Ee!" watu wakaitikia.

"Ndimi niliyevuka hadi Kuria, nikaingia jikoni kwa watu, nikaiba moto! Moto huo unaniunguza mpaka leo, na nani amewahi kunisikia nikilia?"

Yawa! Hema lote likageuka kuniangalia mimi. Wanawake walinipiga mapaja, mmoja akapiga vigelegele. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Macho yalinilowa, nasema kweli. Mwanaume ambaye habari ya kupendwa naisoma kwenye jinsi anavyonifungia mlango wa kuku, leo amesimama mbele ya dunia amesema.

Gita likarudi. Na hapo ndipo kitu kikanipiga kichwani. Hakutaja jina lake. Hakulitaja langu, hakulitaja la baba yake, hakutaja duka. Na hakuna mtu hata mmoja pale aliyeuliza huyu ni nani. Angenaswa, akasikilizwa na mgeni kutoka mbali, mgeni asingejua hata chembe ni nani anayesema, lakini angejua kwa hakika kwamba ni mtu. Ni mtu mwenye kwao.

Niliinuka kwa nguvu, soda yote ikanimwagikia.

"Nyar Kuria, umeumwa na nini?" mama mkwe akashtuka. Hilo ndilo jina langu katika boma lile, binti wa Kuria, kama wake wote wa huku wanavyoitwa kwa walikotoka.

"Mama, nimepata sura yangu!"

Akanikagua usoni. "Kwani ilikuwa imepotea?"

Nilicheka mpaka nikaegemea nguzo ya hema. Kisha nikakimbia nyuma ya jiko, kwenye kuni, nikampigia profesa. Siku ya Jumapili, bila aibu.

"Mwalimu, uko disko?" akauliza.

"Niko utafitini, Profesa!"

Nikamwaga yote kwa pumzi moja: namba vifuani, Mwanafunzi wa Saba asiye na kwao, mvua yenye mbegu, moto wa kuibwa.

"Unataka wajisifu kwa Kiingereza," akasema.

"Wajisifu, halafu wajadili. Atakayetaka kusema anasimamisha ngoma, anajipa sifa, anatoa hoja yake. Badala ya namba, sifa. Hakuna jina."

"Na jina likitajwa?"

"Halitatajwa."

"Mwalimu, nimekuuliza likitajwa."

"Basi sauti hiyo haiingii," nikasema, nikijua ni ahadi.

"Haiingii," akarudia. "Jaribu. Ijumaa ni Ijumaa."

Jumatano nikaingia kidato cha pili na kikapu. Nikawaambia wavue namba watie humo. Zile pini zilivyokuwa zinaanguka, mabega yao nayo yalikuwa yanashuka, sijui kama wenyewe walijua. Nikawaeleza mchezo. Hakuna gita, kwa hiyo madawati ndiyo ngoma. Anayetaka kusema anainua mkono na kupaza, "Simameni hapo!" Anajisifu, bila jina hata moja, kisha anajibu swali la siku: mgodi kuwa jirani na shule, ni baraka au ni hasara? Kila kitu kwa Kiingereza. Nikawasha kinasa sauti nikakiweka katikati.

Wakapiga madawati, dum-taka-dum, taratibu, wanaangaliana. Hakuna mkono. Dum-taka-dum. Jogoo akawika, nikamlaani.

"Madam, aanze mwenyewe," sauti ikasema nyuma.

"Ndio, Madam aanze!" wakadakia wote.

Nikainua mkono. Wakanyamaza. Nikasema kwa Kiingereza safi kwamba mimi ni mwalimu mwenye uzoefu, ninayeipenda kazi yangu. Walinizomea! Darasa zima, na mimi na shahada zangu. "Hiyo ni kazi, Madam, siyo sifa!" Nikakubali kwamba nimekwenda mrama. Nikavuta pumzi, nikachukua cha mume wangu kwa sababu alinipa hadharani: "Mimi ndimi moto ulioibwa Kuria! Walidhani watanitumia kuchemsha chai, nikawapikia ukoo mzima!"

Madawati yakalipuka. Kijana mmoja mnene wa mstari wa mbele hakungoja hata ngoma irudi. "Simameni hapo! Mimi ndimi jiwe ambalo mashine ya Masara ililitafuna ikavunjika meno!" Naye akaingia kwenye hoja, mgodi ni baraka, kaka yake alipata karo huko huko. Hajamaliza, mwingine juu: "Simameni hapo!" Huyu ni mlango usiofungwa, wageni wanajua. Mwingine ni jembe la bibi yake, dogo lakini limelima ekari. Msichana mdogo wa dirishani, ambaye hata mwalimu wao wa Kiingereza aliapa hajawahi kuisikia sauti yake, akasimama juu ya benchi akajiita kivuli cha saa sita, kifupi kwa sababu jua liko juu yake. Salaale! Nikajikuta napiga dawati kwa viganja vyote viwili.

Kiingereza chenyewe? Kilikuwa na mawe ndani, sikatai. Vitenzi viliruka ua, wakati uliopita ulikutana na ujao njiani wakasalimiana. Lakini kilikuwa kinakwenda! Walikuwa wanabishana, wanakatana kauli, wanaombana radhi, wanarudi kwenye hoja ya mwenzao na kuipindua. Yote niliyokuwa nimeandika kwenye pendekezo langu kama matarajio, kwa lugha ya kupendeza ya chuo kikuu, yalikuwa yanatokea mbele ya macho yangu na vumbi juu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na siku hiyo mshindo niliupata.

Naibu mkuu wa shule akatokea mlangoni. Ni mtu wa kanuni, na kelele kwake ni dhambi ya pili baada ya kuchelewa. Nikasema basi, imekwisha. Akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno mkono mmoja mrefu ukainuka kule nyuma.

"Simameni hapo!"

Alikuwa yule wa Remba. Darasa likazimika, na naibu naye akasimama pale pale.

"Mimi ndimi omena," akasema kwa Kiingereza, bila haraka. "Mbuta, yule samaki mkubwa, huvuliwa akapandishwa ndege. Mimi nabaki nikilea watoto. Mnanidharau kwa udogo wangu, lakini ni nani kati yenu aliyewahi kula omena mmoja?"

Walipiga madawati nikaogopa yatavunjika. Akawangoja watulie kama mtu aliyezaliwa jukwaani. Kisha akasema hoja yake. Mgodi, akasema, ni kama ziwa. Ziwa halina ubaya, lakini kisiwani kwao aliwaona wavulana wakiacha shule kwa sababu mtumbwi hulipa leo na daftari hulipa siku usiyoijua, na hapa Masara amewakuta wengine wakifanya vile vile kwa shimo. Hakulaumu. Alisema yeye mwenyewe angeweza kuwa anaanika omena sasa hivi juu ya mawe, na hakuna ubaya, mama yake anaanika na mikono yake inanuka samaki hata siku ya kanisa. Lakini mama huyo alimpandisha boti akamwambia, nenda kaseme huko ambako mimi siwezi kusemea.

"Kwa hiyo leo nasema," akasema. "Na anayesema ni mimi."

Akataja jina lake. Jina lake lote, la ubatizo na la nyumbani, kisha la mama yake.

Hakuna aliyepiga dawati. Naibu mkuu wa shule alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaondoka. Mimi nilijaa furaha, na papo hapo nikakumbuka ahadi niliyoitoa nyuma ya jiko.

Mchana ule nilimpigia profesa nikamchezea sauti kwenye simu, tangu omena hadi mwisho, isipokuwa pale kwenye jina. Hapo niliziba kipaza sauti kwa kiganja. Sikutaka kumwambia kwanza. Nilitaka asikie. Alipomaliza akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Hapo kabla ya mwisho panakatika," akasema.

"Ametaja jina, Profesa. Lake na la mama yake." Nikaanza kulia, nina hasira na kulia, mchanganyiko mbaya. "Najua nilichoahidi. Lakini nikiitoa hii nitakuwa nimeandika uongo. Hii ndiyo sura. Hii ndiyo yenyewe!"

"Mwalimu, tulia. Nilisema sauti yenye jina haiingii, na haiingii. Ondoa jina, sauti ibaki. Usiweke mlio wa kengele, usiunganishe maneno kana kwamba hakuna kilichokuwepo. Acha pengo, la urefu ule ule wa jina. Anayesikiliza ajue kwamba hapo mtu alijitaja."

Kabla ya kulikata jina, nilimtafuta yule msichana nikamweleza nitakachofanya. Hakufurahi. Alinisikiliza amekunja mikono, akauliza kama kweli ni lazima, nikamwambia ni lazima, ni kwa ajili ya kumlinda. "Kunilinda na nani, Madam?" akauliza. Nilikuwa na jibu la kwenye kitabu, na nilipolisema lilisikika jembamba. Akainua mabega, akasema sawa.

Kukata kwenyewe kulikuwa kazi ndogo mno. Unaburuta kidole kwenye kompyuta, unaweka alama mwanzo, unaweka alama mwisho, unabonyeza. Nilibonyeza nikageuza uso.

Alhamisi nilikuwa Oyugis. Sina haja ya kueleza sana, wanafunzi wa kule walikuwa wamezaliwa ndani ya mambo hayo, walipoambiwa tu neno pakruok waliniacha nyuma. Mbuzi alilia nje, hakuna aliyemsikia. Ijumaa shule zilipofungwa nilikuwa na sauti za kujaza sura mbili.

Siku ya kutetea tasnifu nilivaa gauni la kitenge alilonichagulia mume wangu, akanisindikiza hadi mlangoni bila neno, akanishika bega. Ndani jopo liliniuliza maswali makali, na mengine niliyajibu vizuri na mengine nilijikwaa. Kisha nikacheza ile sauti. Lile pengo lilipofika, mtahini wa kutoka chuo kingine aliinua kichwa.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Siwezi kusema, Daktari."

"Najua huwezi," akasema. "Nimeuliza kwa sababu ningependa kukutana naye."

Nilipita. Walinipa marekebisho ya kufanya, lakini nilipita, na ile sentensi ya wasioonyesha uwezo haimo kwenye kitabu changu, katafuteni popote. Nje nilimpigia kelele mume wangu mbele ya walinzi wa chuo, naye akacheka kwa sauti, jambo ambalo nalo halitokei kila mwezi.

Kufikia wakati huo wale watoto walikuwa wameingia kidato cha tatu. Nikawaomba kipindi kimoja, kwa sababu niliona si haki kuchukua sauti za watu, kuzipeleka mbali, na kutowarudishia. Nikaweka spika juu ya meza. Walijisikiliza wakicheka, wakizibana midomo, wakisema "Aki, hiyo ni mimi?" Jiwe lililovunja meno lilificha uso kwa aibu ya vitenzi vyake. Kivuli cha saa sita kilikuwa kimerefuka, kikaomba kirudiwe.

Zamu ya omena ilipofika, yeye alikuwa kule kule nyuma. Alisikiliza mbuta akipandishwa ndege. Alisikiliza shimo na mtumbwi. Alisikiliza mama yake akimpandisha boti. Nikaona anainuka polepole kutoka kwenye benchi, na mimi bado sijaelewa.

"Kwa hiyo leo nasema," sauti yake ikasema kutoka kwenye spika. "Na anayesema ni mimi."

Pengo likaanza, ule ukimya nilioutengeneza kwa kidole changu mwenyewe. Naye, amesimama wima, macho mbele, akalitaja jina lake. La ubatizo, la nyumbani, kisha la mama yake, bila kuharakisha, na alipomaliza silabi ya mwisho ndipo zile sekunde nazo zikaisha.

Mimi bado nimefungwa na ile sahihi yangu, kwa hiyo hapa sitaliandika. Lakini nalijua, na darasa zima tulilisikia.